Vidonge vitamu, omeprazoli, na kiungulia kilichotulia wiki ya nne

Swali

Habari za kazi, mfamasia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 43. Kiungulia kimenisumbua karibu miaka miwili. Nilikuwa nanunua omeprazoli dukani bila cheti, nameza kikinichoma, naacha kikipoa, lakini mwaka huu nikawa silali bila kumeza. Nikasikia zinaharibu figo na mifupa. Shoga yangu akanipeleka kwa daktari wa homeopathia. Alikaa nami zaidi ya saa nzima, akaniuliza mambo ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Akanipa vichupa viwili vya vidonge vidogo vyeupe, vitamu, kimoja kimeandikwa Nux vomica 30, kingine Robinia 30. Akaniambia niache omeprazoli siku hiyohiyo, nisile usiku sana, nipunguze kahawa. Siku kumi za kwanza nilipata moto kifuani ambao sijawahi kuupata. Nilipompigia alisema ugonjwa hupanda kwanza ndipo ushuke, ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Wiki ya nne kimetulia kweli, kinanijia mara mojamoja tu. Mume wangu anasema nimeliwa pesa, nirudi kwenye dawa za hospitali. Je, vidonge vile ndivyo vilivyoniponya? Na nikirudi kwenye omeprazoli, nitameza mpaka kufa? Natumia pia dawa ya presha, amlodipini, na diklofenaki mgongo ukiuma.

Jibu

Dada yangu mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kalenda ikiwa mkononi. Siku uliyoanza vidonge vitamu ndiyo siku uliyoacha omeprazoli. Mambo mawili yalitokea siku moja, na wewe na daktari wako mkalitazama moja tu. Hilo la pili, ambalo hakuna aliyelitazama, ndilo lililokuunguza siku kumi, na ndilo lililopoa wiki ya nne.

Nieleze kidogo tumbo linavyofanya kazi, maana bila hapo nitaonekana nabishana tu na mwenye vichupa.

Tumbo la mtu mzima hutoa lita moja na nusu mpaka mbili za maji yake kwa siku, na ndani yake mna tindikali ya jamii ileile inayowekwa kwenye dawa za kusugulia choo, ila kwa makali madogo. Tumbo lenyewe lina ute wa kujikinga. Umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni, hauna. Kinachoukinga ni msuli wa duara chini yake, karibu na chembe ya moyo, unaofunguka chakula kikipita na kufunga kikishapita. Kiungulia ni msuli huo kulegea wakati usiofaa. Si lazima tindikali iwe nyingi. Mara nyingi ni ya kawaida kabisa, imepanda tu mahali isipotakiwa. Ndiyo maana mtu akija kaunta akaniambia "nina asidi nyingi", huwa namjibu kwamba asidi tunayo sote, tatizo lake ni mlango.

Omeprazoli haigusi mlango. Inachofanya ni kufunga pampu ndogondogo zilizo kwenye kuta za tumbo, zile zinazosukuma tindikali. Pampu iliyofungwa haifunguki tena, mwili hutengeneza nyingine. Kwa hiyo kinachopanda kooni bado kinapanda, ila hakichomi, na umio uliokuwa umebabuka unapata nafasi ya kupona. Dawa hii iliingia sokoni mwaka 1988 na ikabadilisha kazi yetu. Waliokuwa wakipasuliwa kwa sababu ya tindikali wakawa wanapona kwa kapsuli.

Lakini mwili nao una akili yake. Tindikali ikipungua, tumbo hutoa homoni iitwayo gastrini, ambayo kazi yake ni kuamuru "ongezeni". Pampu zimefungwa, amri inaendelea kutolewa wiki baada ya wiki, na chembe zinazotengeneza tindikali zinazidi kuimarika. Ni kama kiwanda kilichofungwa lango la kutolea mizigo, huku meneja asiyejua anaendelea kuajiri. Siku lango likifunguliwa ghafla, mzigo unaotoka ni wa kiwanda kikubwa kuliko kile cha mwanzo.

Mwaka 2009 madaktari wa Denmark walichapisha utafiti ambao kila anayeuza dawa hizi angepaswa kuubandika ukutani. Walichukua watu 120 wazima, ambao hawakuwa na kiungulia hata kidogo. Nusu walipewa esomeprazoli, ndugu wa omeprazoli, kwa wiki 8, kisha bila kujua wakabadilishiwa vidonge visivyo na dawa kwa wiki 4. Nusu nyingine walimeza vidonge visivyo na dawa muda wote. Katika wiki zile 4 za mwisho, watu 44 katika kila 100 wa kundi la dawa walipata kiungulia au dalili nyingine za tindikali. Kundi jingine, 15. Yaani watu wasiokuwa na ugonjwa waliupata kwa kuacha dawa ya ugonjwa huo.

Sasa rudi kwenye kalenda yako. Miezi kadhaa ya omeprazoli kila usiku, kisha kuacha siku moja. Siku kumi za moto. Wiki zinazofuata meneja anashtuka, wafanyakazi wa ziada wanapunguzwa, tindikali inarudi kiwango chake. Wiki ya nne, utulivu. Ndivyo anavyokwenda mtu aliyeacha dawa hii ghafla, ameze kitu kingine au asimeze. Wapo wanaochukua muda mrefu zaidi yako.

Yule daktari hakukudanganya kwa makusudi, naamini hivyo. Fundisho la ugonjwa kupanda kabla ya kushuka ni la zamani katika homeopathia, limetoka kwa mwanzilishi wake. Ila litazame kwa jicho la ualimu: ukipata nafuu, dawa imefanya kazi, ukizidiwa, dawa imefanya kazi. Mtihani ambao kila jibu ni sahihi haumpimi mwanafunzi yeyote.

Huyo mwanzilishi anaitwa Samuel Hahnemann, daktari wa Kijerumani aliyezaliwa mji wa Meissen mwaka 1755. Mwaka 1790 alimeza magome ya mkwinini akiwa mzima ili aone yatamfanya nini, akapata hali aliyoiona inafanana na homa ya malaria. Kwinini inatibu malaria, naye akajenga kanuni: kinacholeta dalili kwa mtu mzima, kikipunguzwa sana, kitaondoa dalili kama hizo kwa mgonjwa. Zama zake madaktari wenzake walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu kwa mabakuli na kuwapa zebaki. Mgonjwa wa Hahnemann, aliyepewa maji na sukari na kuachwa apumzike, mara nyingi alikuwa na bahati kuliko wa jirani. Sifa hiyo ni yake, na ni ya haki.

Shida imo katika neno "kupunguzwa". Nux vomica ni mbegu ya mti wa India na Asia ya Kusini Mashariki, wa jamii moja na mtonga wetu wa porini, na mbegu hiyo ina sumu kali ya strikinini. Namba 30 kwenye kichupa chako, kwa kipimo cha kawaida cha 30C, maana yake ni hii: tone moja la dawa lilitiwa kwenye matone 99 ya maji au spiriti, likatikiswa. Tone moja la mchanganyiko huo likatiwa kwenye matone mengine 99. Hivyo mara 30. Piga hesabu na wanafunzi wako wa darasa la saba: kila hatua ni kugawanya kwa 100. Ukifika hatua ya 13 umeshapita kiasi cha tone moja katika maji ya bahari zote za dunia, na bado hatua 17. Kikemia, kuanzia kama hatua ya 12 uwezekano wa kubaki hata molekuli moja ya mbegu ile ni mdogo sana. Kinachobaki ni sukari iliyodondoshewa maji yenye historia.

Watu wengi huku kwetu huchanganya homeopathia na mitishamba, na ningependa wewe usichanganye. Ukichemsha muarobaini, uchungu unaoonja ni kemikali halisi, zinaweza kukusaidia au kukudhuru. Vidonge vyako vya 30 havina cha kukusaidia wala kukudhuru. Tahadhari moja hapa: si bidhaa zote za homeopathia ziko hivyo. Chupa ikiandikwa Q, au namba ndogo kama 1X au 3X, ndani yake kuna kitu, na kikiwa mmea wenye sumu ni sumu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilithibitisha kwamba vidonge fulani vya homeopathia vya watoto wanaoota meno vilikuwa na beladona, mmea wenye sumu, kwa kiasi kisicholingana na kilichoandikwa. Na matone mengi ya homeopathia hutengenezwa kwa spiriti. Kama kwako hilo ni suala la dini, uliza kabla ya kununua.

Serikali kadhaa zimelipima jambo hili. Australia mwaka 2015 walitoa ripoti iliyopitia tafiti 176 juu ya magonjwa 61, wakahitimisha kwamba hakuna ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathia inautibu. Uingereza mwaka 2017 mfumo wake wa afya uliwashauri madaktari waache kuiandika. Ufaransa, nchi inayoipenda kuliko nyingi za Ulaya, iliacha kuilipia kwenye bima ya taifa mwaka 2021. India ni habari nyingine, huko ina vyuo na wizara inayoisimamia. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na ni vizuri kuuliza kama mtu amesajiliwa. Lakini cheti ukutani kinakuambia mtu ameruhusiwa kufanya kazi. Hakikuambii kilichomo kwenye kichupa.

Mpaka hapa mume wako anaweza kuwa anatabasamu. Asubiri kwanza.

Mwaka 2015 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio dogo, la watu 24 tu, juu ya ugonjwa huuhuu wa tindikali kupanda. Waliwagawa kwa namna mbili. Wengine walipewa dawa ya homeopathia ya kiungulia, wengine vidonge vitupu. Na katika makundi yote, wengine walionwa na daktari kwa muda wa kawaida, wengine kwa muda mrefu, kama dakika 40, wakiulizwa juu ya maisha yao, chakula, usingizi, hofu. Kati ya dawa ya homeopathia na vidonge vitupu hakukuonekana tofauti. Kati ya kukaa kidogo na kukaa sana, tofauti ilionekana: waliosikilizwa ndio waliopata nafuu. Watu 24 ni wachache, sitajenga nyumba juu yake. Lakini nikisoma barua yako, ambako sentensi yenye uhai kuliko zote ni ile ya "akakaa nami zaidi ya saa nzima", naona ni kitu kilekile.

Mimi hapa kaunta nina dakika mbili kwa mteja, tatu mvua ikinyesha. Daktari wa zahanati ana foleni mpaka nje kwenye mti. Wewe ulinunua omeprazoli miaka miwili na hakuna kati yetu, sisi wa dawa za kweli, aliyekuuliza unakula saa ngapi. Mwenye vidonge vitupu ndiye aliyeuliza. Na alichokuambia, usile usiku sana, ni tiba halali ya kiungulia, iko kwenye miongozo ya madaktari wa tumbo. Kwa hiyo pesa uliyolipa haikupotea yote, dada yangu. Ililipia saa moja ya kusikilizwa na shauri moja zuri. Kilichokuwa bure, kwa maana mbaya, ni vichupa.

Ila naye aliacha kuuliza mambo mawili ambayo mfamasia anayajua hata akiwa amelala, na umeyaandika mwishoni kana kwamba ni madogo.

La kwanza ni diklofenaki. Dawa hii na ndugu zake, ibuprofeni na aspirini, hupunguza ule ute unaolinda tumbo. Inaweza kuleta vidonda ambavyo haviumi mpaka siku vinapotoka damu, na ukiwa na presha inaweza pia kuipandisha na kuisumbua figo. Uliogopa omeprazoli kwa ajili ya figo zako. Kati ya dawa zako zote, ya kuogopa kwa ajili ya figo ni diklofenaki. Mgongo ukiuma anza na paracetamoli, na mgongo wenyewe uonwe na mtu.

La pili ni amlodipini. Dawa za kundi lake hulegeza misuli ya mishipa ya damu ili presha ishuke, na kwa baadhi ya watu huulegeza pia ule msuli wa duara wa umio. Usiiache. Kiharusi hakilingani na kiungulia. Lakini mwambie anayekuandikia presha kwamba una kiungulia, zipo dawa nyingine za presha zisizogusa mlango huo, aamue yeye.

Kuhusu kuogopa omeprazoli yenyewe: hofu hiyo haikutoka hewani. Tafiti nyingi ziliwafuatilia waliokuwa wakimeza muda mrefu zikakuta wana mifupa iliyovunjika zaidi, figo zilizodhoofika zaidi, na mengineyo. Tatizo la tafiti za namna hiyo ni kwamba anayemeza dawa miaka mingi mara nyingi ni mgonjwa zaidi, mzee zaidi, ana dawa nyingine tano. Mwaka 2019 likatoka jaribio kubwa, la watu zaidi ya 17,000, waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakipewa pantoprazoli, ndugu mwingine wa omeprazoli, na nusu kidonge kitupu, kwa muda wa miaka karibu 3. Kilichoonekana wazi kuongezeka kwa waliomeza dawa ni maambukizi ya utumbo, 1.4 kwa mia dhidi ya 1.0 kwa mia. Mifupa na figo havikuonyesha tofauti hiyo. Mimi huwa namwambia mteja: hii si dawa ya kuogopa, ni dawa ya kutozoea bila sababu. Anayemeza miaka mingi kwa sababu ya kweli apimwe magnesiamu na vitamini B12 mara kwa mara, aendelee kuishi.

Na wengi hawaimezi inavyotakiwa. Wewe uliandika "silali bila kumeza", maana yake ulikuwa unameza wakati wa kulala, tumbo limeshiba au limetulia. Omeprazoli hukamata pampu zinazofanya kazi tu, na pampu huamka ukila. Kwa hiyo humezwa nusu saa mpaka saa moja kabla ya chakula, kwa kawaida kabla ya chai ya asubuhi. Kapsuli usiifungue ukatafuna punje zake; zimevikwa ganda ili tindikali isiziharibu kabla hazijafika utumbo mdogo. Wala si dawa ya kuzima moto papo hapo, nguvu yake hutimia baada ya siku tatu mpaka tano. Kumeza leo na kuacha kesho, kama ulivyokuwa ukifanya mwaka wa kwanza, ni kupata hasara ya dawa bila faida yake. Wenye kufunga Ramadhani huniuliza sana: fungua kwa maji na tende, meza kapsuli, swali Magharibi taratibu, ndipo ukae kwenye futari. Au meza ukiamka, nusu saa kabla ya daku. Na daku lisiwe la kula na kuanguka kitandani.

Dozi ya kawaida ya kiungulia ni wiki 8, mara moja kwa siku, kisha unapimwa hali. Ukiacha, hasa baada ya miezi mingi, usiache kama ulivyoacha. Wengi huwa nawashauri wapunguze dozi nusu kwa wiki mbili, halafu siku moja wameze siku moja wasimeze kwa wiki mbili nyingine, huku wakiwa na dawa ya maji ya kupooza kwa siku mbaya. Siku kumi zako zile zingekuwa za kuvumilika.

Dawa za kupooza nazo, za magnesiamu na alumini, za maji au za kutafuna, hufanya kazi ndani ya dakika na kuisha ndani ya saa moja au mbili. Ni nzuri kwa kiungulia cha mara mojamoja, kama chako sasa. Zile za unga zinazotoa povu kwenye glasi zina sodiamu nyingi, kwa mwenye presha kama wewe naziweka kando, ingawa nimeziuza nyingi kuliko ninavyojivunia. Maziwa yanapooza nusu saa kisha yanaamsha tindikali zaidi. Msomaji mwingine anayepita hapa na anatumia dawa za ARV zenye dolutegraviri, ambazo ndizo wengi wanatumia siku hizi, asizimeze pamoja na dawa za magnesiamu au alumini: zinashikana tumboni na ARV haiingii mwilini inavyotakiwa. Ameze ARV masaa mawili kabla ya dawa hizo, au masaa sita baada yake.

Yaliyobaki ni ya nyumbani, na ndiyo yanayogusa ule mlango wenyewe. Kati ya chakula cha mwisho na kulala yapite masaa matatu. Weka tofali au kipande cha ubao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kiinuke sentimita 15 hadi 20. Mito mitatu haisaidii, inakukunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto. Kama kiuno kimeongezeka miaka hii miwili, hata kilo chache zikipungua utaona, kwa sababu mafuta ya tumboni ndiyo yanayosukuma juu. Kanga usiikaze kibwebwe ukiwa umetoka kula na unaanza kuosha vyombo kwa kuinama. Kuhusu vyakula siandiki orodha ya haramu. Kuna anayeungua kwa viazi karai na asiungue kwa pilipili, kuna anayeangushwa na maandazi mawili tu ya asubuhi. Andika siku kumi unachokula na kinachotokea, mwenzako hawezi kukuandikia.

Sasa jambo ambalo nisingelala bila kuliandika. Kuna ukanda wa Afrika unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, Malawi, mpaka kusini kabisa, ambako saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na huwapata hata vijana. Haitokani na kiungulia kwa kawaida, ni ya aina nyingine. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitaja vinywaji vya moto sana, juu ya nyuzi 65, kuwa huenda vinachangia, na watafiti waliopima joto la chai Kilimanjaro waliwakuta watu wakianza kuinywa ikiwa juu ya hapo. Acha chai ipoe kidogo. Lakini kinachonisumbua zaidi ni hiki: mgonjwa wake hupita kwetu kwanza. Anasema "vidonda vya tumbo vimenizidi", tunampa omeprazoli. Anakwenda kwa wa vidonge vitamu, anapewa vidonge vitamu. Miezi sita inakatika. Alama yake ni chakula kukwama. Ugali unakwama kifuani, baadaye wali, baadaye uji. Mtu mwenye dalili hiyo asimeze chochote cha dukani wala cha kichupa akingoja kuona. Aende apigwe kamera, endoskopi, Muhimbili, KCMC, Bugando au hospitali nyingine yenye kifaa hicho. Vilevile anayekonda bila kutaka, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au aliyepauka na kuishiwa nguvu. Na moto wa kifua unaokuja na jasho baridi, kukosa pumzi, maumivu ya mkono au taya ni wa moyo mpaka ithibitishwe vingine. Wewe una presha, lijue hili.

Hukutaja hata moja kati ya hayo, na nimefarijika. Kwa hiyo usirudi kwenye omeprazoli kwa sababu tu mume wako amesema. Umeshapita sehemu ngumu, umeiacha dawa, kiungulia kinakuja mara mojamoja. Baki na dawa ya maji ya kupooza nyumbani, endelea na lile shauri la usiku. Kikirudi siku mbili au zaidi kwa wiki, nenda hospitali ukaanze dozi kamili ya wiki 8, asubuhi kabla ya chai. Kisipopona, au kikirudi tena baada ya dozi hiyo, ndipo omba kamera. Wachache wana mlango uliolegea kabisa au umio uliojeruhika sana, hao humeza muda mrefu kwa haki, au hufanyiwa upasuaji. Huenda wewe si miongoni mwao.

Kuna kimoja tena ambacho hii wiki ya nne imekupa bila mtu kupanga. Kwa kuwa umekuwa ukimeza diklofenaki, ningependa upimwe bakteria wa vidonda vya tumbo, na kipimo cha choo au cha pumzi hakisomeki sawasawa mtu akiwa kwenye omeprazoli. Anatakiwa awe ameiacha angalau wiki mbili. Wewe umeshaiacha. Kipimo cha haraka cha damu ya kidoleni ukikipewa, kikatae kwa adabu, kinaweza kuonyesha bakteria wa miaka iliyopita. Omba cha choo. Nenda wiki hii, kabla mtu hajakushawishi umeze chochote.